Mtu Aliyewakinga Askari kwa Makaa: Maisha ya Nikolai Zelinsky

Katika nyumba nyingi za kwetu makaa hayana heshima. Huletwa guniani, huchafua mikono na nguo, na yakiisha kuivisha chakula hubaki majivu, nayo hutupwa jalalani. Mtoto akitumwa kununua makaa ya debe moja hafikiri hata kidogo kwamba amebeba kitu cha elimu. Hata hivyo, makaa yana uwezo ambao wengi wetu hatuujui. Yanaweza kunasa rangi, harufu na hewa za sumu, yakazishika yasiziachie upesi. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita uwezo huo ulitumiwa kuokoa roho za watu wengi sana vitani, na aliyeuelekeza kwenye kazi hiyo katika nchi yake alikuwa mwalimu wa kemia, Nikolai Dmitrievich Zelinsky wa Urusi.

Wanafunzi wanaoendelea na kemia katika kidato cha tano na cha sita hulikuta jina hili katika vitabu vyao, limeambatanishwa na majina ya Hell na Volhard katika somo la asidi za kaboni. Wengi hulikariri kwa ajili ya mtihani, kisha hulisahau. Tumeona ni vyema kueleza hapa habari za mtu mwenyewe, kwa maana maisha yake yana mafunzo hata kwa yule asiyesoma kemia.

UTOTO WAKE

Zelinsky alizaliwa tarehe 6 Februari 1861 katika mji mdogo wa Tiraspol, kando ya mto Dniester. Siku hizo mji huo ulikuwa katika dola ya Urusi; leo umo ndani ya mipaka ya Moldova. Hakupata bahati ya kulelewa na wazazi wake. Baba yake alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1863, mtoto akiwa na umri wa miaka miwili tu. Miaka miwili baadaye mama yake naye akafa kwa ugonjwa huo huo. Nikolai akabaki mikononi mwa bibi yake.

Zamani zile kifua kikuu hakikuwa na dawa. Hata kijidudu chake kilikuwa hakijajulikana, kwani Robert Koch alikitangaza mwaka 1882. Watu wengi walidhani ugonjwa huo hurithiwa kama vile mtu anavyorithi sura ya baba yake. Basi tunaweza kufahamu hofu aliyokuwa nayo yule bibi alipomtazama mjukuu wake. Alimlea kwa uangalifu, akamzoeza kuwa na mwili mkakamavu, akampeleka shule. Kazi yake haikupotea. Yatima yule aliyehofiwa kufa mapema aliishi miaka 92.

Baada ya kusoma shule ya mji wake alipelekwa Odessa, bandari kubwa ya Bahari Nyeusi, akaingia shule ya sekondari. Mwaka 1880 akajiunga na chuo kikuu cha huko huko Odessa, akasoma sayansi, na moyo wake ukavutwa na kemia. Alimaliza masomo mwaka 1884. Walimu wake waliona kwamba kijana huyu anafaa kupelekwa mbele zaidi, na mwaka uliofuata akatumwa Ujerumani, nchi iliyosifika kuliko nyingine zote kwa elimu hiyo.

AJALI YA GÖTTINGEN

Huko Ujerumani alifanya kazi kwanza Leipzig, kisha Göttingen, katika maabara ya mwalimu mashuhuri, Victor Meyer. Alipewa kazi ya kutengeneza kitu kipya chenye salfa ndani yake, na ili kukifikia ilimbidi apitie hatua kadhaa. Katika mojawapo ya hatua hizo alipata kimiminiko ambacho tabia yake ilikuwa haijajulikana vizuri. Kimiminiko hicho kilimuunguza mikono na mwili. Akalazwa hospitali, akaugua kwa muda mrefu.

Alichokitengeneza pasipo kukusudia ndicho kilichokuja kuitwa gesi ya haradali. Miaka thelathini hivi baadaye, katika mwezi wa Julai 1917, majeshi ya Ujerumani yaliirusha gesi hiyo kwa mara ya kwanza vitani, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, nayo ikawatia maelfu ya askari vidonda na upofu. Zelinsky alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kabisa duniani kuonja uchungu wake. Wengi wetu tukiungua mara moja jikoni tunaogopa moto. Yeye alipopona alirudi maabara, lakini alijua kwa ngozi yake mwenyewe kwamba kemia si mchezo, na kwamba kitu kinachotengenezwa kwa nia ya kujifunza kinaweza kugeuzwa silaha.

Aliporudi Odessa alifundisha na kuendelea na uchunguzi, akapata shahada ya udaktari wa elimu mwaka 1891. Mwaka huo huo alisafiri kwa meli katika Bahari Nyeusi kuchunguza matope ya chini. Vilindi vya bahari hiyo vina gesi inayonuka kama mayai viza, nayo huua viumbe. Watu walikuwa wakibishana juu ya asili yake. Zelinsky alionyesha kwamba hutengenezwa na vijidudu vinavyoishi ndani ya matope.

MOSCOW, NA KUJIUZULU KWAKE

Mwaka 1893 aliitwa Chuo Kikuu cha Moscow kuwa profesa. Alikaa hapo miaka kumi na minane, akaijenga maabara na kufundisha kizazi kizima cha wanakemia. Alifundisha pia katika masomo ya juu ya wanawake, wakati ambapo wasichana wa Urusi hawakuruhusiwa kuingia chuo kikuu sawa na wavulana.

Mwaka 1911 ukazuka ugomvi mkubwa baina ya chuo hicho na serikali ya mfalme. Waziri wa elimu aliingilia uhuru wa chuo, polisi wakaingia, na wakuu wa chuo wakaondolewa vyeoni. Zaidi ya walimu mia moja waliacha kazi ili kupinga, na Zelinsky alikuwa mmoja wao. Lilikuwa jambo gumu kwa mtu wa miaka hamsini kuacha maabara aliyoijenga kwa mikono yake. Alihamia St. Petersburg, akawa mkuu wa maabara ya wizara ya fedha. Haikuwa na vifaa kama alivyovizoea, na wanafunzi wake wengi walibaki Moscow. Lakini ilikuwa hapo, katika maabara ile duni, ndipo alipofanya kazi iliyompa jina kubwa kuliko zote.

WINGU LA SUMU

Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka 1914, na mwaka huo mji wa St. Petersburg ukabadilishwa jina, ukaitwa Petrograd. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na Ypres, askari wa Ujerumani walifungua maelfu ya mitungi ya klorini. Upepo ulikuwa ukivuma kuelekea mahandaki ya adui zao. Wingu la rangi ya majani mabichi lililokauka lilitambaa chini chini, likaingia mahandakini, na watu wakafa wakikosa pumzi. Aliyeisimamia kazi hiyo alikuwa mwanakemia pia, Fritz Haber, mtu mwenye akili nyingi ambaye uvumbuzi wake mwingine uliwezesha kutengeneza mbolea inayolisha ulimwengu hadi leo. Hivyo elimu moja katika mikono ya mtu mmoja ilileta chakula na mauti.

Mwisho wa mwezi wa Mei mwaka huo klorini ililetwa upande wa mashariki pia, karibu na Bolimów, magharibi ya mji wa Warsaw. Maelfu ya askari wa Urusi waliathirika, na zaidi ya elfu moja wakafa. Hawakuwa na kinga yoyote. Serikali ikaanza kwa haraka kushona vipande vya shashi vilivyolowanishwa dawa, askari avifunge puani na mdomoni. Kinga hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, dawa iliisha nguvu au kukauka baada ya muda mfupi. Pili, dawa iliyoweza kuiharibu klorini haikuweza kuharibu sumu nyingine. Adui akibadili gesi, askari wote wanabaki uchi mbele yake.

Hapo ndipo Zelinsky alipotofautiana na wenzake. Wengi walikuwa wakitafuta dawa ya kila sumu. Yeye alijiuliza kama hakuna kitu ambacho hakijali sumu ni ya aina gani, bali kinazinasa nyingi kwa pamoja. Habari zilizofika kutoka vitani zilimsaidia. Ilisemekana kwamba baadhi ya askari walinusurika kwa kuzungusha makoti yao vichwani, au kwa kulala kifudifudi na kuvuta pumzi kupitia udongo tifutifu. Sufu na udongo havina dawa ndani yake. Basi kilichowaokoa watu wale hakikuwa dawa, bali sumu ilinaswa juu ya nyuzi za sufu na chembe za udongo kabla ya kufika mapafuni. Kazi iliyobaki ilikuwa kutafuta kitu chenye tabia hiyo hiyo kwa nguvu zaidi, tena kiwe rahisi na kipatikane kwa wingi. Akayakumbuka makaa ya kuni.

MAKAA YANAVYOFANYA KAZI

Tabia hiyo ya makaa haikuvumbuliwa na Zelinsky, wala hakujidai hivyo. Mwaka 1785, katika mji huo huo wa St. Petersburg, mtengeneza dawa mmoja aliyeitwa Tobias Lowitz aliona kwamba unga wa makaa huondoa rangi katika vimiminiko vichafu. Tangu hapo Warusi waliutumia kusafishia vodka. Nchini Uingereza mwaka 1854 John Stenhouse alitengeneza kifuniko cha mdomo chenye makaa cha kuzuia hewa mbaya. Lakini makaa ya kawaida nguvu zake ni chache. Yasingeweza kumkinga askari katika wingu zito.

Ili tufahamu sababu, na tulitazame kaa moja kwa akili. Mti ulipokuwa hai ulikuwa na mirija midogo sana ya kupitishia maji. Ukichomwa mahali penye hewa kidogo, maji na mafuta yake hutoka, na kaboni hubaki pamoja na vitundu vingi mno visivyoonekana kwa macho. Gesi ikipita, chembe zake hunata juu ya kuta za vitundu hivyo, kama vumbi linavyonata kwenye ukuta uliopakwa rangi mbichi. Haziingii ndani ya kaboni yenyewe kama maji yanavyoingia ndani ya mkate. Hushikwa juu ya uso tu. Kwa hiyo kadiri uso unavyokuwa mkubwa, ndivyo makaa yanavyonasa zaidi.

Shida ni kwamba katika makaa ya kawaida vitundu vingi vimezibwa na lami iliyobaki wakati wa kuchoma. Zelinsky na msaidizi wake walitafuta njia ya kuvizibua. Waliyachoma makaa mara ya pili kwa moto mkali, wakaijaribu njia hii na ile, mpaka lami ikaondoka na vitundu vikafunguka. Makaa yaliyotiwa nguvu namna hiyo wataalamu huyaita kaboni amilifu. Katika kaboni amilifu nzuri gramu moja huwa na uso wa meta za mraba 1,000 hivi, ukihesabu kuta zote za vitundu vyake. Uwanja wa mpira una meta za mraba zipatazo 7,000. Basi gramu saba za makaa hayo, yaani kijiko kikubwa kimoja cha unga, zina uso sawa na uwanja mzima wa mpira. Tena kitu hicho chote kilitoka katika kuni za kawaida na moto, vitu ambavyo havikukosekana Urusi.

JARIBIO LA CHUMBANI

Katika majira ya joto ya mwaka 1915 Zelinsky na wasaidizi wake walilijaribu wazo lao. Walichoma salfa katika chumba kitupu cha maabara mpaka kikajaa gesi inayokaba koo, ambayo mtu hawezi kuivumilia hata kidogo. Kisha wakakunja makaa yao ndani ya kitambaa cha mkono, wakajifunga puani na mdomoni, wakaingia. Waliweza kukaa ndani na kuvuta pumzi bila kudhurika. Profesa alikuwa na miaka 54, na kovu la gesi ya Göttingen alikuwa nalo katika kumbukumbu yake. Hata hivyo hakutuma watu wengine peke yao katika hatari ambayo yeye mwenyewe hakuwa tayari kuijaribu.

Mwezi wa Juni alitoa taarifa mbele ya wataalamu huko Petrograd, akaeleza wazi alichokifanya na namna ya kukifanya. Lakini makaa peke yake hayakutosha. Kitambaa cha mkono hakizibi uso sawasawa, na sumu hupenya pembeni. Mhandisi mmoja wa kiwanda cha mpira, aliyeitwa Kummant, alibuni kofia ya mpira inayobana kichwa na uso, yenye vioo viwili vya macho. Kopo la makaa likaunganishwa chini yake. Barakoa ya gesi ikawa imekamilika.

UCHELEWESHAJI

Mtu angedhani kwamba chombo kama hicho kingepokelewa kwa mikono miwili. Haikuwa hivyo. Idara iliyosimamia afya ya jeshi ilikuwa chini ya mkubwa mmoja wa ukoo wa kifalme, naye alipendelea barakoa ya aina nyingine, iliyotumia kemikali badala ya makaa. Kamati zilikaa, barua zikaenda na kurudi, majaribio yakarudiwa, na miezi ikapita. Wakati huo askari waliendelea kufa.

Katika mwezi wa Februari 1916 barakoa za aina mbalimbali zilishindanishwa mbele ya makao makuu ya jeshi. Msaidizi wa Zelinsky katika maabara, aliyeitwa Stepanov, aliivaa barakoa ya makaa, akaingia katika chumba kilichojaa sumu, akakaa humo zaidi ya saa moja. Alitoka mzima. Baada ya hapo mabishano yakaisha, na amri ikatolewa itengenezwe kwa wingi. Katika miaka ya 1916 na 1917 zilitengenezwa barakoa zaidi ya milioni 11. Jeshi la Uingereza nalo liliomba vielelezo vyake. Nchi nyingine zilizopigana, pamoja na Ujerumani yenyewe, ziliingiza makaa katika barakoa zao, na mpaka leo makopo ya barakoa za gesi hutiwa kaboni amilifu.

Zelinsky hakutaka faida ya fedha kutokana na makaa hayo. Hakuandikisha hati ya kumiliki uvumbuzi wake, ingawa malipo madogo tu kwa kila barakoa yangemfanya tajiri. Aliona si haki mtu kujitajirisha kwa kitu kinacholinda uhai wa watu. Kila aliyetaka kujua njia yake aliruhusiwa kujua.

MIAKA YAKE YA BAADAYE

Mwaka 1917, baada ya mfalme kuangushwa, alirudi Moscow katika chuo chake cha zamani. Hali ilikuwa ngumu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka, na petroli ikakosekana. Zelinsky akatafuta njia ya kutoa petroli katika mafuta mazito yaliyobaki viwandani, akafaulu. Baadaye yeye na mwanafunzi wake Kazansky walionyesha kwamba gesi ya asetilini ikipitishwa juu ya kaboni amilifu yenye moto mkali hugeuka kuwa benzini, kitu muhimu katika kutengeneza dawa na rangi. Hivyo makaa yaliyokuwa yakinasa sumu akayapa kazi ya pili, ya kuunganisha chembe ndogo kuwa kubwa.

Mwaka 1929 alichaguliwa kuwa mwanachama kamili wa Akademia ya Sayansi. Alisaidia kuanzisha taasisi ya kemia huko Moscow ambayo sasa ina jina lake. Wanafunzi wake kadhaa, kama Balandin na Nesmeyanov, wakawa mabingwa wenye sifa zao wenyewe. Alifanya kazi mpaka uzeeni kabisa, akafa Moscow tarehe 31 Julai 1953. Katika Tiraspol, mji wa bibi yake, iko nyumba ya makumbusho yenye jina lake.

MAKAA LEO, NA SISI

Kazi ya makaa yaliyotiwa nguvu haikuishia vitani. Leo hutengenezwa kwa kuni, kwa vifuu vya nazi, na zaidi sana kwa makaa ya mawe, kwa sababu makaa ya mawe ni rahisi bei na hupatikana kwa wingi. Huchomwa kwanza bila hewa, halafu hupitishiwa mvuke wa maji kwa joto la digrii 800 hadi 1,000 za sentigredi. Mvuke ule hula sehemu ya kaboni na kuchimba vitundu vipya. Hutumika kusafisha maji ya mijini, kuondoa rangi katika sukari, na kunasa dhahabu iliyoyeyushwa katika migodi mikubwa, ikiwa pamoja na migodi ya Tanzania. Hospitali humpa mgonjwa aliyemeza aina fulani za sumu.

Wanafunzi wanaweza kuona jambo hili kwa macho yao, wakiwa pamoja na mwalimu wa sayansi. Twangeni makaa ya kawaida mpaka yawe chembe ndogo, kisha yagaweni mafungu mawili. Fungu la kwanza litieni katika kopo la bati lenye kifuniko kilichotobolewa tundu moja kwa msumari, mlichome nje, penye hewa nyingi, juu ya moto mkali kwa muda wa saa moja. Liacheni lipoe kabisa bila kulifungua, la sivyo makaa yatashika moto. Fungu la pili lisichomwe. Tieni matone machache ya wino katika maji, mgawe maji hayo katika bilauri tatu. Ya kwanza iacheni, ya pili itieni makaa yasiyochomwa tena, na ya tatu itieni yaliyochomwa, kwa kipimo kimoja. Korogeni kwa dakika kumi, mchuje kwa karatasi, mlinganishe rangi. Andikeni mlichokiona hata kama si mlichokitarajia, kwa maana makaa hutofautiana kwa mti na kwa moto.

Lazima pia tutoe maonyo mawili. Maji yaliyochujwa kwa makaa yanaweza kuonekana safi na bado yakawa na vijidudu vya magonjwa. Kwa hiyo maji ya kunywa ni lazima yachemshwe au yatiwe dawa. Onyo la pili ni kubwa zaidi. Makaa yanayowaka hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo ni mojawapo ya sumu chache ambazo hata makaa ya Zelinsky hayakuweza kuzinasa. Watu huingiza jiko la makaa chumbani usiku wa baridi au wa mvua, wakafunga madirisha, wasiamke tena. Mwanafunzi anayesoma habari hii awaeleze wa nyumbani kwao: jiko likae nje, au mahali penye hewa ya kutosha.

Zelinsky hakuwa na kitu cha ajabu mkononi. Alikuwa yatima, mwenye maabara duni, katika nchi iliyokuwa ikishindwa vitani, na alichokitumia ni makaa. Wengine walikuwa na makaa hayo hayo miaka mingi kabla yake. Yeye alijiuliza kwa nini udongo na koti la sufu viliwaponya askari wachache, akalifuata swali hilo mpaka mwisho, na alipopata jibu hakuliuza. Kila mmoja wetu atakayebeba debe la makaa likizo hii na akumbuke kwamba mkononi mwake kuna jambo ambalo halijamalizwa kuchunguzwa.